Kinamasi cha kutengeneza kusafisha maji ya mvua kabla ya bwawa: kuna aliyekitunza kweli?

Mlinda Bwawa:

Wakuu, heshima kwenu. Kazi yangu ni kukaa na bwawa. Uhandisi sijasomea, nafungua na kufunga milango ya maji, napima kina, nachukua sampuli, na mvua ikinyesha usiku mimi ndiye naamshwa. Bwawa lenyewe ni la maji ya kunywa. Yakitoka hapa yanapita kwenye mtambo wa kusafisha, kisha yanakwenda kwa watu.

Kinachonisumbua ni mfereji mmoja. Unakusanya maji ya eneo la hekta 40 hivi: mapaa, barabara na viwanja vitupu kadhaa. Siku za kawaida ni uzi tu wa maji. Mvua ikipiga dakika ishirini, unakuja umejaa pomoni, rangi ya matofali, na majani na chupa na mafuta yanayong'aa juu kama upinde wa mvua. Wenzangu wa mtamboni wanaanza kunipigia simu: shabu ya kutuliza tope inawaishia, vichujio vinaziba. Halafu mvua zikikatika, jua likakaa wiki mbili tatu, ile kona mfereji unapoingilia inakuwa kijani kama rangi ya ukutani. Mwani.

Sasa limeletwa pendekezo la kutengeneza ardhi oevu, kinamasi cha hekta moja, mfereji upitie humo kwanza ndipo uingie bwawani. Nimeonyeshwa mchoro. Ni mstatili, maji yanaingilia kona hii yanatokea kona ile, matete katikati. Kikaoni kila mtu aliitikia kwa kichwa. Mimi nilinyamaza, maana wao wataondoka na mchoro na mimi nitabaki na kinamasi.

Nauliza: kinasafisha kweli? Hekta moja inatosha? Mbu je? Na kazi yake ya kila siku ni ipi? Naomba anijibu aliyewahi kuvaa mabuti akaingia ndani. Aliyesoma tu naye anakaribishwa, ila aseme amesoma.

Jani Bichi:

Nakiri, mimi ni wa kusoma. Lakini hili halina ubishi mkubwa, mkuu. Huko Ujerumani mtafiti Käthe Seidel alianza tangu miaka ya 1950 kuonyesha kwamba mimea ya majini inaweza kusafisha maji machafu. Florida, Marekani, wametengeneza vinamasi vyenye jumla ya hekta zaidi ya 20,000 kupunguza fosforasi, chakula cha mwani, kwenye maji yanayotoka mashambani kabla hayajafika kinamasi cha asili cha Everglades. Matete yanakunywa uchafu, ndiyo kazi yake. Pandeni mengi, yabanane, maji yatatoka safi.

Mabuti Marefu:

Mkuu Mlinda Bwawa, haya mabuti yangu ni jozi ya nne, nadhani nimefaulu mtihani wako. Mwaka wa tisa huu nakitunza kinamasi kinachomwaga kwenye bwawa la maji ya kunywa. Mwaka wa kwanza kilinifia mikononi. Ndiyo maana nimeshtuka kusoma mchoro wako ulivyo, ni kama umenionyesha picha ya marehemu.

Kwanza nimsahihishe kidogo Jani Bichi, bila ugomvi. Hayo ya Ujerumani na Florida ni kweli. Ila hilo la "matete yanakunywa uchafu" ndilo lililotuponza sisi. Matete yanakunywa, ndiyo, lakini kidogo sana ukilinganisha na kinacholetwa na mvua moja kubwa. Ingia ndani ya kinamasi, shika shina chini ya maji, pitisha vidole. Utagusa ute. Huo ute ni vijidudu, na ndio mfanyakazi wako mkuu: chembe ndogo zinanasa hapo, mafuta yanaliwa hapo. Shina lenyewe kazi yake kubwa ni kuwapa vijidudu mahali pa kukaa na kuwazuia maji wasikimbie.

Nikisema maji wasikimbie nimewafanya maji watu, mniwie radhi. Ukikaa nayo miaka tisa unaanza kuyaona hivyo.

Jambo unalonunua kwa ile hekta ni muda. Punje ya mchanga mwembamba, unene milimita 0.1, katika maji yaliyotulia inazama mita moja kwa kama dakika mbili. Chembe ya milimita 0.02 inahitaji karibu robo tatu ya saa kushuka mita ile ile. Sasa njoo kwenye udongo wa mfinyanzi, chembe ya milimita 0.002. Hiyo kwa siku nzima inashuka sentimita 30 hivi, na hapo upepo uwe haujayatikisa maji. Ubaya ni kwamba uchafu wenyewe unaoogopwa hauandamani na mchanga. Fosforasi, zinki ya mabati na matairi, shaba ya breki, madini ya risasi, vyote hung'ang'ania zile chembe ndogo kabisa. Ukiona mchanga umebaki nyuma ukadhani umemaliza kazi, umejidanganya.

Hekta yako sasa. Mvua ya milimita 20 juu ya hekta 40 ni mita za ujazo 8,000. Tuseme nusu inanywewa na ardhi, mfereji unakuletea 4,000. Hekta moja ikiyapokea hayo kwa kina cha sentimita 40, imejaa. Yakitolewa taratibu kwa siku tatu, vizuri. Hata Melbourne, Australia, wanakojenga vinamasi vya mvua kwa wingi, wabunifu hulenga saa 72. Kwa hiyo ukubwa si mbaya. Wengi huanzia asilimia 2 hadi 5 ya eneo linaloleta maji, na wewe uko kwenye 2.5.

Lakini mvua ya milimita 60 ikija? Hiyo kinamasi chako hakiiwezi, na usikilazimishe. Lazima pawe na njia ya pembeni: maji yakifika kimo fulani mlangoni, yanayozidi yanamwagika juu ya ukuta mfupi na kwenda zake bwawani bila kupita kwenye matete. Watu hawapendi kusikia hivyo. "Si yanakwenda machafu?" Yanakwenda, ndiyo. Lakini yale ya mwanzo yaliyofagia barabara, ambayo mara nyingi ndiyo machafu zaidi, yameshaingia kwako. Ukiruhusu gharika lote lipite ndani, litang'oa ute, litafukua tope la miezi sita, na kwa usiku mmoja utalipeleka bwawani lote ulilokuwa umelizuia. Kwetu ilitokea. Niliyaona maji yakitoka kinamasini machafu kuliko yaliyoingia.

Hicho ndicho kilichotuua mara ya pili. Mara ya kwanza tulijiua kwa haraka. Waliotujengea walipanda miche asubuhi, wakajaza maji jioni hadi kimo cha kwenye mchoro, wakapiga picha. Mche wa sentimita 30 ukizamishwa sentimita 40 unapumulia wapi? Wiki tatu baadaye tulikuwa na bwawa la matope lenye vijiti. Miche hutaka tope lenye unyevu kwanza, kisha maji ya vidole viwili, unaongeza kadiri inavyorefuka. Kwa hiyo hapo kwenye kutolea maji dai mbao za kupachika, ubao mmoja juu ya mwingine, upandishe na kushusha kimo kwa mkono wako. Sisi tulipewa bomba lililofungwa kwenye zege kwa kimo kimoja. Nilikuja kulikata mwenyewe.

Mlinda Bwawa:

Asante sana mkuu, nimesoma mara mbili. Nimerudi kuuangalia mchoro. Njia ya pembeni haipo, mfereji wote unaingia. Kutolea maji ni bomba. Na ulisema mchanga utabaki nyuma: nyuma wapi? Sioni sehemu yoyote ya kuuzuia.

Mabuti Marefu:

Basi kabla hujauliza kitu kingine, dai shimo la mchanga. Ukisahau yote niliyoandika, hili usilisahau.

Pale mfereji unapoingilia panatakiwa bwawa dogo lenye kina, mita moja na nusu au mbili, sehemu kama ya kumi ya eneo lote. Maji yakifika hapo kasi inakufa, mchanga na takataka zinaanguka humo, kisha maji yanavuka ukuta wa mawe kuingia kwenye matete yakiwa yametandazwa upana mzima. Bila hilo shimo, mchanga utaanguka kwenye matete yako, hatua ishirini za kwanza. Utajenga kisiwa, kisiwa kitaota nyasi, maji yatakizunguka na kujichimbia njia. Kinamasi kitageuka mfereji wenye ukingo mzuri.

Shimo liwe na sakafu ngumu, zege au mawe, ili anayechimbua ajue amefika chini. Liwe na njia ya eskaveta kufika. Pigilia nguzo yenye alama, tope likifika nusu ya kina unachimbua, usingoje bajeti ya mwaka kesho. Na tope ulilotoa ulipeleke mbali, mahali palipoidhinishwa, kwa sababu lina zile metali. Sisi mwaka wa pili tulilirundika ukingoni "likauke kwanza". Mvua iliyofuata ililirudisha lote shimoni. Tulilipia kuchimba tope lile lile mara mbili. Hadi leo wenzangu wananiita Fundi wa Marudio.

Kuhusu maji kuingilia kona na kutokea kona: tulifanya jaribio, kwa idhini ya watu wa mtambo, tukamwaga mlangoni rangi ya kijani inayong'aa isiyo na madhara. Kwa hesabu ya karatasi ilipaswa kukaa ndani siku tatu. Nilikuwa nimekwenda zangu kupumzika nikijua nina siku tatu. Baada ya saa nne naitwa, imeshatokea upande wa pili! Maji yalikuwa yamepata ushoroba kati ya mistari ya matete, maana walikuwa wamepanda mistari kufuata mtiririko. Sehemu yote iliyobaki ilikuwa imelala tu, maji mafu. Tulichofanya ni kuchimba vidimbwi virefu vyenye kina, vinakatiza upana wote kama mitaro, na kati yake tukapanda matete mistari ya kukatiza. Kila kidimbwi kinayakusanya maji na kuyatandaza upya. Tuliporudia rangi ilianza kutokea siku ya pili, na ikaendelea kutoka taratibu kwa siku nne. Si kamilifu, lakini ni kinamasi sasa.

Chupa ya Sampuli:

Mimi niko upande wa maabara, sijavaa mabuti ila nimepima maji yaliyotoka kwa waliovaa. Niongeze mambo ambayo matete hayatakuambia.

Naitrojeni ina mlango wa kutokea. Bakteria wa kwenye oksijeni wanaigeuza amonia kuwa naitreti, wengine wa kwenye tope lisilo na oksijeni wanaigeuza naitreti kuwa gesi, inapanda hewani, umeachana nayo. Fosforasi haina mlango huo. Kila gramu uliyoizuia iko palepale kwenye tope, imeshikwa zaidi na chuma kilichomo kwenye udongo. Tope likikosa oksijeni kabisa, chuma kinaiachia na inarudi majini. Hilo hutokea wakati wa joto na maji yametulia, yaani wakati ule ule mwani wako unaosubiri kula. Kwa hiyo mkuu usichukue sampuli siku za mvua tu. Chukua kwenye kutolea maji wakati wa kiangazi pia, na ukikuta fosforasi inayotoka ni nyingi kuliko inayoingia, jua ghala lako limejaa au linavuja.

Mwani wenyewe si suala la harufu tu. Aina fulani, ile ya kijani-buluu, hutoa sumu. Mwaka 2014 katika mji wa Toledo, Ohio, watu zaidi ya 400,000 waliambiwa wasinywe maji ya bomba kwa siku kadhaa kwa sababu ya sumu hiyo kutoka Ziwa Erie, na kuchemsha hakusaidii. Kiwango cha mwongozo cha Shirika la Afya Duniani kwa microcystin-LR, mojawapo ya sumu za mwani huo, kwenye maji ya kunywa ni mikrogramu 1 kwa lita. Ni kidogo mno.

La pili, na hili husahauliwa sana kwa mabwawa ya kunywa: mimea inaoza. Majani yaliyoloweka hutoa rangi ya kahawia, kaboni iliyoyeyuka, na hiyo ikikutana na klorini mtamboni hutengeneza kemikali za jamii ya trihalomethani ambazo hazitakiwi kuzidi kiwango. Vuneni mashina makavu, yatoeni nje, msiyaache yakaanguka majini. Na watu wa mtambo waambiwe kabla kinamasi hakijaanza kazi, si baada.

Chumvi iliyoyeyuka inapita kama haijaona kitu. Hapo hamna la kufanya.

Jani Bichi:

Nimekoma. Naomba kuuliza sasa badala ya kujibu: kama ardhi hakuna, vile vinamasi vinavyoelea? Nimeona Singapore wanacho, Sengkang, juu ya bwawa la Punggol.

Mabuti Marefu:

Hakuna aliyekukomesha ndugu, swali zuri. Vinavyoelea vinasaidia: mizizi inaning'inia majini na ute unaota juu yake. Kina cha maji kikipanda na kushuka navyo vinapanda na kushuka, mmea hauzami. Ila kumbuka viko ndani ya bwawa. Mchanga na tope vimeshaingia. Mimi ningeviweka baada ya shimo la mchanga, nisingeviweka badala yake.

Vyura Wangu:

Kwenye mbu nijibu mimi, maana hilo ndilo walilonijia nalo majirani. Mbu anataka kama wiki moja hadi siku kumi za maji yaliyotulia bila adui, kutoka yai hadi kuruka. Anayekuletea mbu ni kile kidimbwi kinachobaki peke yake maji yakishuka, alama ya buti, tairi la eskaveta, kopo lililotupwa. Samaki na viluwiluwi vya kereng'ende hawafiki humo. Chini kusawazishwe kuelekea vile vidimbwi virefu alivyosema Mabuti Marefu, ili maji yakipungua kila kitu kikimbilie huko kwenye samaki. Ukingo usiwe umelala mno, na nyasi zilizoangukia majini zikatwe. Takataka ziokotwe kila wiki. Mimi sijawahi kupuliza dawa, ningeua wanaonifanyia kazi.

Mlinda Bwawa:

Nimerudi wakuu. Kikao cha pili ni baada ya wiki mbili. Nimeandika: shimo la mchanga, njia ya pembeni, mbao za kupachika, kupanda kwa kukatiza, maabara wahusishwe. Nikasema nisiende mikono mitupu. Juzi mvua ilinyesha kama saa kumi usiku nikateremka na tochi, nikachota maji ya mfereji kwenye chupa tatu za kioo, nikaziweka dirishani bila kuzigusa.

Baada ya dakika tano chini kulikuwa na mchanga wa unene wa ukucha. Jioni yake tabaka la pili, laini, jeusi kidogo. Leo ni siku ya tatu. Juu bado maji ni rangi ile ile ya matofali, nimeweka maandishi nyuma ya chupa siyasomi. Kwa maelezo yako mkuu hii si habari njema?

Mabuti Marefu:

Mkuu, chupa zako tatu zina thamani kuliko ule mchoro. Zipeleke kikaoni kama zilivyo, mbebaji asizitikise.

Zinakuambia kwamba shimo la mchanga litafanya kazi, lile la chini kabisa ndilo litakaa humo. Matete yatazuia lile tabaka la pili, na ute utanasa sehemu ya hayo mekundu ya juu, kuliko kioo kinavyoweza. Lakini si yote. Maji ambayo siku tatu kwenye chupa iliyotulia hayajasafika, usitarajie siku tatu kwenye kinamasi chenye upepo na bata zikayamaliza. Ukiwaahidi watu wa mtambo maji meupe, watakukumbusha.

Sasa swali langu kwako. Mapaa hayatoi udongo mwekundu. Barabara ya lami haitoi. Ulisema kuna viwanja vitupu huko juu. Mfinyanzi mwingi kiasi hicho una mahali unapochimbuka, na mara nyingi ni mahali pamoja tu: mlima wa udongo wa ujenzi, mtaro ulioachwa wazi, ukingo ulioporomoka. Ukipaziba hapo, hekta moja inatosha. Usipopaziba, hata tano zitajaa.

Mvua ijayo usichote mlangoni. Panda na mfereji, chota kila makutano, andika namba kwenye chupa.

Mlinda Bwawa:

Makutano ni saba, nimehesabu. Chupa ninazo nne. Naenda kutafuta nyingine, mawingu yameshaanza kujikusanya.